Parachichi Lisilobonyezeka

Mtu asiyebonyeza hana haki ya kununua. Hiyo ndiyo sheria ya soko la Mwanjelwa, na haijaandikwa popote kwa sababu kila mama mwenye kikapu anaijua. Mchele wote wa soko lile unaitwa wa Kyela, hata ule ulioshushwa jana usiku kutoka Mbarali. Macho hayatakusaidia: punje ni nyeupe, ni ndefu, zinakutazama bila aibu. Sharti utie mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kifundo, uzisugue kiganjani, unuse, ndipo mzungumze bei. Kitenge vilevile. Unakifinya, unakikunja, unakiachia uone kama makunyanzi yanabaki. Ila kesi nyingi ziko kwenye parachichi. Unalibonyeza taratibu kwa kidole gumba, karibu na kikonyo, huku mwenye mali amekukazia macho: "Baba, usiniminyie, niambie unakula lini nikuchagulie." Nakula leo, mama. Lakini nataka kidole changu ndicho kiniambie.

Nayasema haya mapema ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani kabla sijavishwa miwani.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Mbeya. Mwaka wa mwisho wanapewa kazi ya kubuni kitu. Wenzake wakabuni programu za kukata tiketi za basi, vitu vya maana. Yeye na kundi lake wakaamua kutengeneza soko ndani ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika uso wote kama unakwenda kuchomelea geti, ili wanafunzi wa biashara wajifunze kupatana bei kabla hawajaibiwa kwenye soko la kweli. Miwani yenyewe ya kuazima. Wakamaliza kila kitu, wakagundua mwalimu anataka ijaribiwe pia na mtu mwenye umri.

"Mjomba, ni dakika chache tu, na soda ipo."

Soda haikuwepo. Niliketishwa kwenye kiti cha plastiki, nikakabidhiwa rimoti mbili, moja kila mkono, nikaambiwa hiyo ndiyo mikono yangu. Kisha soko likafunguka. Kusema kweli lilikuwa zuri kuliko letu. Hakuna tope, hakuna mtu wa toroli anayekufokea "Miguu! Miguu!" wakati miguu ni yako na umetoka nayo nyumbani. Mama muuzaji anatabasamu muda wote, jambo lililonitia wasiwasi papo hapo. Mbele yake mafungu ya parachichi, yanang'aa.

Nikanyoosha mkono. Rimoti ikafanya drrr. Nikashika jingine lililoonekana limeiva zaidi: drrr. Nikahamia kwenye kiazi mviringo, kitu kisicho na undugu wowote na parachichi: drrr, ileile. Nikagusa gunia la mchele, drrr. Katika kurudisha mkono nikamgusa yule mama begani, naye akafanya drrr, nikaomba radhi kwa mazoea. Mwishowe nikaamua kubonyeza kama mtu mzima. Kidole gumba kikapita kwenye ganda, kikapita kwenye nyama, kikapita kwenye kokwa, kikatokea upande wa pili kisafi.

"Unaonaje, mjomba?"

"Naona vizuri sana," nikamwambia. "Kasoro yake ndiyo hiyo. Naona tu."

Vijana wakaandika kwenye daftari: mtumiaji ameridhika na picha.

Sasa mimi ni mtu wa kulalamika kwa utafiti, kwa hiyo nilimbana mpwa wangu anieleze kwa nini dunia nzima ya miwani inatetemeka. Akanieleza, na kwa mara ya kwanza nikaona ada ya chuo inakwenda mahali. Ngozi ya mkono, alisema, si kiungo kimoja cha kuhisi. Ina vipokezi vya aina kadhaa, kila kimoja na kazi yake. Vipo vinavyohisi mgandamizo na kingo za kitu, vipo vinavyohisi ngozi inapovutwa, vipo vinavyohisi kitu kinateleza. Na vipo vilivyokaa ndani zaidi, vyepesi mno kwa mtetemo, hasa ule wa mara mia mbili na kitu kwa sekunde. Hivyo vya ndani ndivyo rahisi kuvidanganya: mota moja ndogo ya bei ndogo inatosha. Kwa hiyo watengenezaji wakachagua kuzungumza na mpangaji mmoja, wale wengine wakaachwa nje ya mlango. Ulaini wa parachichi unajulikana kwa mgandamizo, kwa jinsi ganda linavyobonyea na kurudi. Mpangaji huyo hakuulizwa.

Na si kwamba wanasayansi hawajui. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2021 walipewa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua vipokezi vya joto na mguso. Julius alianzia kwenye kitu kinachoifanya pilipili iwashe. Nilifurahi kusikia kwamba mtu anaweza kupewa Nobel kwa kuwashwa na pilipili. Kwetu anaambiwa anywe maziwa. Tena hisia zenyewe zinakubali kudanganywa kwa vitu vya kijinga kabisa. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walimketisha mtu, wakauficha mkono wake, wakamwekea mkono wa mpira mezani, wakaipitishia brashi mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Baada ya muda mtu anauona ule wa mpira kuwa wake. Brashi mbili, mpira, basi. Hakuna betri.

Kinachonikera ni umri wa huu mtetemo. Morton Heilig, Mmarekani, alipata hataza ya mashine aliyoiita Sensorama mwaka 1962. Unakaa kitini, unatia uso kwenye kasha, unaoneshwa safari ya pikipiki mjini New York; kiti kinatikisika, feni inakupulizia upepo, harufu zinatolewa. Bodaboda wa Mafiati anakupa hayo yote mpaka Uyole, na mvua juu, bila hataza. Mwaka 1976 Sega wakatoa gemu la pikipiki ambalo usukani wake unatetemeka ukigonga. Mwaka 1997 Nintendo wakauza kidude cha kuchomeka kwenye pedi ili nayo itetemeke. Vijana wetu wa vibanda vya PlayStation wamekulia kwenye drrr hiyo. Mpira ukigonga mwamba wanaruka kama wamegongwa wao. Ni kweli kwamba tangu 2020 pedi ya PlayStation 5 ina vitufe vya kidole vinavyoweza kukukazia unapovivuta, kama upinde unaokataa, na hapo nakubali kuna hatua. Lakini zaidi ya nusu karne, wenzangu! Reli ya TAZARA ilijengwa, ikafunguliwa, ikachakaa, ikaanza kutafutiwa fedha upya, na bado hawa wanatutetemesha.

Mpwa wangu akaniambia zipo glavu. Kampuni ya Marekani iitwayo HaptX ilitangaza mwaka 2022 jozi ya glavu zenye vifuko vidogo vya hewa zaidi ya mia kwa kila mkono, vinavyojaa na kunywea ili vidole vihisi umbo la kitu. Tena zina breki za kuzuia vidole visipenye. Hapo nikakaa vizuri. Bei ya wakati huo? Zaidi ya dola 5,000, na mashine ya kusukuma hewa unaibeba mgongoni kama mkulima wa kahawa wa Mbozi anayekwenda kupulizia dawa. Kwa shilingi zetu inapita milioni 10. Yaani nivae mzigo mgongoni, nilipe milioni 10, ili nijue parachichi la uongo limeiva. La kweli liko barabarani, na mama wa fungu nikimbembeleza ananiongeza moja.

Mambo yakabadilika kwa sababu ya ubao wa mke wangu.

Ubao ule wa msonobari uliletwa kutoka Mafinga na shemeji, kutoka kwa watu wanaopasua mbao za Sao Hill. Shughuli yake ilijulikana: rafu ya vyombo jikoni. Ulikuwa umeegemezwa ukutani ukisubiri fundi, na fundi alikuwa anasubiri malipo ya awali, na malipo ya awali yalikuwa yanasubiri mimi. Mpwa wangu alipokuja Jumapili na miwani yake akauona, akaulaza sebuleni bila kuuliza.

Alikuwa ametengeneza mahali pengine: ukingo wa Ziwa Ngosi, pale juu kwenye milima ya Poroto ambapo ukisimama unaona maji chini kabisa ndani ya bonde la volkano. Kwanza nilivaa miwani nikiwa kwenye zulia. Nikatazama chini, nikasema pazuri, nikatembea juu ya hewa nikielekea katikati ya ziwa kama nabii. Sikuhisi lolote. Kisha akanivua viatu, akanipandisha kwenye ubao, ncha za vidole vya miguu zikatokeza nje ya ukingo wa mbao. Ubao wenyewe una unene wa vidole vitatu tu. Picha ni ileile. Ziwa ni lilelile.

Sitasimulia yote. Itoshe kusema pazia la sebuleni halina tena zile pete mbili za mwanzo.

"Baba nanihii," mke wangu akasema akiwa mlangoni na upawa, "unaogopa sakafu yako mwenyewe?"

Naam, naiogopa, na nina wasomi wa kunitetea. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Brent Insko alifanya jambo hilohilo: watu waliovaa miwani walisimama ukingoni mwa shimo la kuigiza lenye kina cha mita 6 hivi, mara moja wakiwa na ubao halisi chini ya miguu, unene sentimita 4 tu, na mara nyingine bila ubao. Wakiwa na ubao, moyo uliwaenda mbio zaidi. Nyayo ziliambiwa hapa mwisho, macho yakasema huko chini mbali, na hizi habari mbili zilipokubaliana mwili ukatoa uamuzi wake bila kumsubiri mwenye mwili.

Kuna lingine lililonipendeza zaidi, la Hunter Hoffman, 1998. Aliwapa watu sahani ya kuigiza ndani ya miwani. Baadhi wakawekewa sahani ya kweli palepale ilipo ile ya picha, wakaigusa. Walioigusa hawakuiamini sahani peke yake. Walianza kudhani kwamba hata vitu vingine vya mle ndani, ambavyo hawakuvigusa kabisa, ni vigumu, vina uzito, na vikiachiwa vitaanguka. Kitu kimoja cha kweli kikawadhamini wenzake wote.

Sijui kwa nini ilibidi nisikie haya kutoka Marekani. Ni mbinu ya kila muuza mchele: juu ya gunia Kyela safi, chini yake shauri lako.

Basi kundi likabadili mpango. Wakatafuta meza, wakapima, wakaweka parachichi halisi mahali ambapo macho yanaona parachichi la kwanza la fungu. Nikaitwa tena. Nikanyoosha mkono, nikakutana na ganda la kweli lenye vinundu, baridi ya asubuhi ya Juni ikiwa bado imo ndani yake, nikabonyeza karibu na kikonyo, likabonyea kidogo likarudi. Mwili wangu wote ukaingia sokoni. Nikaanza kupatana bei na yule mama wa picha kwa hasira ya kweli. Nilimwambia elfu moja kwa fungu ni wizi. Vijana wanasema nilimpungia kidole.

Tatizo la njia hii halimo kwenye vitabu. Parachichi lile lilibonyezwa na mimi, likabonyezwa na mwalimu, likabonyezwa na kila mwanafunzi aliyepita kuchungulia, na kufika mchana mtu akivaa miwani anaona tunda zuri huku kidole kinazama kwenye uji. Ikabidi wanunue mengine. Walipokwenda Mwanjelwa wakaulizwa wanakula lini, wakajibu hawali, wanabonyeza tu. Walifukuzwa.

Mmoja wao, kijana mwenye bidii inayochosha, akasema hapana, turudi kwenye rimoti, tuiongezee ustadi. Akakesha anapanga mitetemo: huu wa mchele, huu wa kiazi, huu unaotembea kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto kupitia hewani. Na kweli ulitembea. Nilihisi kitu kinapita katikati ya mikono yangu, mahali ambapo hakuna mkono, na machoni sioni chochote. Niliitupa rimoti nikidhani ni mende. Kumbe hata hilo lina utafiti wake: mwaka 2018 Christopher Berger na wenzake waliandika kwamba mguso ukizidishwa ustadi bila macho kuoneshwa chanzo chake, watu huridhika kidogo kuliko walipopewa mtetemo wa kawaida. Ukiwaonesha chanzo, wanatulia. Kwa hiyo ngozi haidai vingi. Inadai maelezo.

Tulikwenda Iringa mwezi uliofuata, msiba upande wa mke wangu, na mpwa wangu akaomba lifti kwa kuwa alikuwa na watu wa kuwaonesha kazi yake mjini. Ubao ukapanda gari pamoja nasi, umefungwa juu, ukipita Mafinga kwao bila kushuka. Kabla ya kuingia Iringa tukasimama Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, mahali penye zana za mawe zenye zaidi ya miaka 200,000, ambapo Clark Howell alichimba mwaka 1957 na 1958. Mpwa wangu alitaka kupiga picha mawe ili siku moja ayatie kwenye miwani. Mwongozaji akaniwekea moja kiganjani. Zito, kisha baridi, kisha kidole gumba kikateleza chenyewe kikakaa kwenye kibonde kana kwamba kilipimwa kwa ajili yangu. Macho yalikuwa yameniambia hili ni jiwe kama mawe mengine ya korongoni. Kidole kikakataa: hili ni kisu cha mtu. Nikamtazama mpwa wangu, naye akanitazama, akaweka simu mfukoni. Sikusema kitu, ingawa nilikuwa na maneno mengi tayari.

Lakini aliyewapa vijana somo alikuwa baba mkwe, nyumbani Kihesa, baada ya matanga. Ni mzee wa Kihehe wa zamani. Akikusalimu "Kamwene" anashika mkono wako na hauachii mpaka amalize habari za mvua, za mahindi, za ng'ombe, za mama yako, na za yule ndugu yako aliyekwenda Zambia. Wajukuu wakamvisha miwani. Akaona soko, akaona mama anatabasamu, akafanya kile ambacho hakuna mhandisi hata mmoja alikuwa amekipangia: akamsalimu. Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto akiushikisha kwenye kiwiko kwa heshima.

Drrr.

Mzee akanyamaza. Akanyoosha tena. Drrr. Akavua miwani taratibu, akaikunja mikanda yake vizuri, akamkabidhi mpwa wangu kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyu mama anatetemeka. Ana homa. Mbona mnamkalisha sokoni badala ya kumpeleka hospitali?"

Ikabidi itafutwe dawa haraka. Mtoto wa shemeji, kijana wa kidato cha nne, akateuliwa kuwa mkono. Kazi yake ni kusimama mahali pa yule mama na kunyoosha kiganja muda ule ambao mama wa picha ananyoosha wake. Mzee akavishwa tena. "Kamwene." Akakutana na mkono wa kweli, wenye joto. Uso ukafunguka. Akaushika sawasawa, akaanza: mvua vipi huko kwenu, mahindi je? Mama wa picha anajua sentensi sita tu, zote za bei, akajibu parachichi ni elfu moja fungu. Mzee hakukasirika, mtu wa mkono kama ule hawezi kuwa na dharau. Akaendelea na ng'ombe. Tulikunywa chai, tukamaliza, kijana amesimama palepale ameshikwa, anatutazama kwa macho ya kuomba msaada, na hakuna aliyethubutu kumwingilia mzee akiwa kwenye salamu.

Kazi ile imepata alama nzuri, nimeambiwa. Mwalimu alisifu "mbinu za gharama nafuu", maana yake ubao wangu. Nilipita chuoni kuuchukua. Umewekwa kwenye maabara yao, juu ya stuli mbili, umepigwa na msasa, na wameubandikia karatasi yenye herufi kubwa: KIFAA CHA UTAFITI. USIGUSE.

Nyumbani sufuria bado ziko chini, na fundi amepiga simu kuulizia malipo ya awali.